Kairo: Barabara Inapopita Juu ya Mava



Yako majina ambayo mtoto wa pwani huyasikia kabla hajajua kusoma ramani. Huyasikia chuoni akiwa na juzuu mkononi, huyasikia darasani msikitini baada ya Alasiri, huyasikia nyumbani wazee wanapozungumza juu ya udhu na funga na mirathi. Imamu Shafi. Imamu Warsh, msomaji wa Qur'ani. Ibn Hajar, mwenye Bulugh al-Maram. Jalaluddin Suyuti, mmoja wa Majalali wawili wa Tafsiri ya Jalalayn. Shekhe Zakariya al-Ansari. Wengi wetu twayajua majina hayo kama majina ya vitabu na ya madhehebu. Ni wachache wanaokumbuka kwamba wenyewe walikuwa watu, wakafa kama wafavyo watu, na wakazikwa katika ardhi moja ambayo mtu aweza kuitembea kwa miguu. Ardhi hiyo ni Qarafa, mava makubwa ya Kairo, chini ya jabali la Muqattam. Na kwa miaka michache iliyopita kuta zake zimekuwa zikitiwa alama za rangi nyekundu ili barabara kuu ipite.

Juma hili twawachukua wasomaji wetu hadi huko. Tulikwenda Misri kwa ajili ya ziyara na kuwajulia hali vijana wetu wanaosoma Azhar, na hatukuwa na nia ya kuandika habari za barabara. Lakini mgeni wa Qarafa siku hizi hawezi kuyatazama makaburi bila kuyaona madaraja.

Mji wa wafu wenye walio hai

Amr bin al-As alipoifungua Misri na kuuasisi mji wa Fustat, yapata mwaka wa 20 wa Hijria, Waislamu walihitaji mahala pa kuzikia maiti wao. Walipewa ardhi iliyo kati ya mji na jabali, kavu, isiyofikiwa na mafuriko ya Nili. Tangu siku hizo hapajapita karne isiyozika watu wake hapo. Sahaba Uqba bin Amir yuko hapo. Imamu Layth bin Saad, faqihi wa Misri, yuko hapo. Mji wenyewe ulihama mara kadhaa, kutoka Fustat kwenda mitaa mipya ya kaskazini, kisha Kairo ya Mafatimi, kisha ngome ya Salahuddin, mava hayakuhama. Yalipanuka tu, yakaufuata mji kusini na mashariki, hata ikawa Wamisri huyagawa sehemu mbili: mava ya kusini, ya Imamu Shafi na Sayyida Nafisa, na mava ya kaskazini, ambako masultani wa Kimamluki walijijengea misikiti na makuba. Kuba la Sultani Qaytbay, lililojengwa katika miaka ya 1470, limo katika sehemu hiyo ya pili, na sura yake huonekana kwenye noti ya pauni moja ya Misri.

Msomaji asidhani kwamba mava hayo yafanana na mava yetu, yenye ukuta mmoja, mkuyu mmoja na nyasi ndefu. Qarafa ina mitaa na vichochoro. Kila aila yenye uwezo ilijijengea ua wenye ukuta, makaburi yakiwa chini ya ardhi, na juu yake chumba kimoja au viwili. Chumba hicho kilikuwa cha jamaa wanaokuja kuzuru: walilala humo usiku wa Idi, wakapika, wakasoma Qur'ani, wakawagawia maskini mikate na tende. Mlinzi wa kaburi, ambaye kwa Kiarabu chao huitwa turabi, mtu wa turabu, huishi hapo na aila yake, na kazi hiyo hurithiwa baba kwa mwana. Mji ulipojaa na kodi zikapanda, maelfu ya watu wengine wakahamia katika vyumba hivyo. Leo ukipita utaona nguo zimeanikwa baina ya makaburi mawili, fundi seremala amefungua karakana yake, na watoto wakicheza mpira katika uwanja ambao wenyewe wamelala chini yake kwa miaka mia tatu.

Desturi hiyo si mpya. Ibn Battuta, msafiri wa Tanja, aliingia Kairo mwaka 1326, na katika safari yake ameeleza Qarafa kwa namna ambayo mwenyeji wa leo angeitambua: nyua zenye kuta kama nyumba, wasomaji wa Qur'ani walioajiriwa usiku na mchana, na watu wakitoka kila usiku wa kuamkia Ijumaa pamoja na wake zao na watoto wao kwenda kulala huko. Miaka mitano baadaye, mwaka 1331, mtu huyohuyo alilala usiku mmoja Mombasa. Akaandika kwamba watu wake ni wa madhehebu ya Shafi, wenye dini na wema, na misikiti yao ni ya mbao. Kwa hiyo jicho moja liliona kaburi la Imamu na likaona wafuasi wake wa pwani yetu, na sisi tulio wafuasi hao tuna haki ya kuuliza hali ya mahala hapo.

Kutoka kwa Nafisa hadi kwa Shafi

Tulianzia msikiti wa Sayyida Nafisa, mjukuu wa kizazi cha Hasan bin Ali, aliyehamia Misri mwaka wa 193 wa Hijria na kufariki huko mwaka wa 208. Kina mama wa pwani wanaopenda kuambiwa kwamba elimu ni ya wanaume wangefaa kukaa pale dakika chache. Wanahistoria wamepokea kwamba Imamu Shafi alikuwa akimzuru na kusikia hadithi kwake, na kwamba alipofariki, mwaka wa 204, jeneza lake lilipitishwa nyumbani kwa bibi huyo akamsalia. Msikiti wake ulikarabatiwa upya na kufunguliwa tena mwaka 2023. Marumaru zimeng'aa, mlango wa wanawake una nafasi na kivuli.

Kutoka hapo hadi kwa Imamu si mbali. Mwenye miguu hutembea; mwenye magoti mabovu hupanda tuktuk, na tuktuk ya Kairo haina tofauti na ya Majengo isipokuwa lugha ya dereva. Njia ilitupitisha katikati ya nyua za makaburi. Penye ukuta mzima tuliona jina la aila limechorwa kwa hati nzuri juu ya mlango. Penye pengo tuliona kifusi, na juu ya kifusi anga, na katika anga nguzo za zege.

Kuba la Imamu bado lipo, alhamdulillahi. Lilijengwa mwaka wa 608 wa Hijria, yaani 1211, na Sultani al-Kamil, mpwa wa Salahuddin. Ni la mbao, limefunikwa kwa bati la risasi, na juu ya kilele chake pana chombo cha shaba mfano wa mashua. Watu wa mtaa husema kikitiwa nafaka za ndege. Wengine husema ni alama ya bahari ya elimu yake. Sisi watu wa majahazi tuliisimamia mashua hiyo kwa muda mrefu kuliko wageni wengine. Ndani mna sanduku la kaburi la msaji lililochongwa mwaka wa 574, enzi za Salahuddin mwenyewe, na fundi aliyelichonga, Ubayd bin Maali, ameandika jina lake. Yeyote aliyekulia karibu na milango ya nakshi ya Lamu au ya Mji wa Kale atauelewa mkono wa fundi yule bila mkalimani.

Kuba hilo lilikuwa katika hali mbaya. Kati ya mwaka 2016 na 2021 lilikarabatiwa na jumuiya ya Megawra, inayoongozwa na msanifu majengo May al-Ibrashy, mwanamke aliyetumia miaka mingi kuhifadhi makuba ya mtaa wa Khalifa kwa kushirikiana na wakaazi wenyewe. Waliondoa vumbi la karne, wakaimarisha mbao, wakarudisha rangi za dari, na chini ya sakafu wakakuta mabaki ya jengo la zamani zaidi. Miaka mitano ya kazi ya brashi na sindano. Wakati huohuo, nje ya kuta, kazi ya tingatinga ilikuwa ikisogea.

Barabara na vitanzi vyake

Insafu yatutaka tuseme kwanza kwa nini barabara hiyo inajengwa. Kairo na vitongoji vyake ina watu zaidi ya milioni 20. Mwenye kukwama njiani pale kwa saa mbili, gari la wagonjwa likilia nyuma yake na halina pa kupita, hawezi kusema kwamba mji hauhitaji barabara. Serikali ya Misri imejenga mji mkuu mpya wa utawala jangwani mashariki ya Kairo, na ili watu wafike huko bila kupita katikati ya mji, imefungua barabara nyingi pana na madaraja ya juu. Barabara ya Salah Salem, ambayo yenyewe ilikata mava katika karne iliyopita, haikutosha tena. Zikachorwa mpya.

Mwaka 2020 ilianza moja katika mava ya kaskazini. Iliitwa al-Firdaus, jina la Pepo. Mwezi wa Julai mwaka huo picha za makaburi yaliyovunjwa zilienea, watu wakashtuka, na wakuu wa mambo ya kale wakajibu kwamba hakuna athari iliyosajiliwa iliyoguswa. Jibu hilo lilikuwa na ukweli wa kisheria, na ndani yake ndimo ulimo mtihani wote wa Qarafa. Sheria ya mambo ya kale ya mwaka 1983 hulinda kilichosajiliwa. Kuba la sultani limesajiliwa. Ua wa kadhi wa karne ya 18, kaburi la mshairi, kaburi la mama wa watu wasio na jina, mara nyingi havikusajiliwa. Basi ukifuata daftari pekee, waweza kuvunja mtaa mzima wa makaburi na bado ukasema hukuvunja athari hata moja.

Baada ya hapo ikaja zamu ya mava ya kusini, upande wa Sayyida Aisha, Sayyida Nafisa na Imamu Shafi. Hapa ndipo twaomba subira ya msomaji, maana jambo hili huamuliwa katika michoro ambayo watu wa kawaida hawaonyeshwi mpaka kuchelewe.

Barabara iliyonyooka hula ukanda. Ni ukanda mpana, lakini wajua mwanzo wake na mwisho wake, na mhandisi mwenye huruma aweza kuusogeza hatua mia huku au kule. Makutano ni jambo jingine. Pale barabara kuu mbili zinapokutana bila ya taa wala mzunguko wa kawaida, kila gari linalotaka kugeuka huhitaji njia yake ya kupandia na njia yake ya kushukia. Gari linalokwenda kasi haliwezi kukata kona kali, kwa hiyo njia hiyo huwa duara. Kadiri kasi inavyozidi, ndivyo duara linavyopanuka. Hesabu yake ni nyepesi, na mtoto wa darasa la nane ataifanya: kitanzi chenye nusu kipenyo cha mita 50 huzingira karibu ekari mbili. Vitanzi vinne huwa karibu ekari nane, na bado hujahesabu njia za pembeni wala nguzo. Ardhi iliyo ndani ya duara hilo hata isipojengwa huwa imekufa, kwa sababu mwanadamu hawezi kuvuka magari kwenda kumzuru mamake.

Ndiyo maana wapinzani wenye elimu ya Kairo hawakusema tu, msijenge. Waliuliza: kwa nini kasi hiyo, na kwa nini makutano yawe hapa? Barabara ya mjini inayokwenda polepole hutosheka na makutano madogo. Magari yaendayo mbali yaweza kupitishwa kando kabisa ya mava, au chini ya ardhi, au katika barabara zilizopo zikiimarishwa. Msanifu Galila el-Kadi, ambaye ameitafiti Qarafa kwa miongo na kuandika kitabu juu ya usanifu wake, ni miongoni mwa waliosema wazi kwamba zipo njia nyingine. Na uzoefu wa miji mingi ya dunia umeonyesha jambo ambalo dereva yeyote wa Mombasa alijua: barabara ikipanuliwa, magari nayo huongezeka, na baada ya miaka michache msongamano hurudi pale pale. Kaburi lililovunjwa halirudi.

Waliosimama

Upinzani wa Qarafa haukuwa na jukwaa wala bendera. Misri si nchi ambamo maandamano ni mepesi. Watu walipinga kwa njia walizozimudu.

Wa kwanza walikuwa jamaa za wafu. Mtu alikuwa akienda kuzuru kaburi la baba akakuta alama nyekundu ukutani na neno moja: iondolewe. Akapewa muda wa kuhamisha mifupa, na kaburi jingine katika miji mipya ya jangwani, mbali na nyumba yake. Kwa kijana mwenye gari ni usumbufu. Kwa mjane mzee aliyezoea kutembea kila Alhamisi na furushi la mikate, ni mwisho wa ziyara. Mlinzi mmoja tuliyemkuta mlangoni pa ua wake alimwita mkubwa wetu hajjati, akatuletea chai ya nanaa, na akatwambia kwa utulivu kwamba amezika watu kwa mikono yake na amewafukua baadhi yao kwa mikono iyo hiyo. Hakulaumu mtu. Alituomba dua tu, kisha akauliza kama huko kwetu makaburi yana hati.

Wa pili walikuwa watafiti wa kujitolea: madaktari, walimu, wanafunzi, wapiga picha. Walizunguka siku za mapumziko wakisoma mawe, wakiandika majina, wakipiga picha kila hati kabla haijafikiwa na tingatinga. Katika kifusi waliokota mawe yenye maandishi ya Kufi ya karne ya tatu ya Hijria, wakayatolea taarifa ili yahifadhiwe. Fikirini: jiwe lililostahimili miaka elfu na zaidi lawekwa salama kwa sababu kijana mmoja alichagua kutolala Ijumaa asubuhi.

Wa tatu walikuwa aila za watu mashuhuri, na kwao sauti ilifika mbali. Mwaka 2022 kaburi la Taha Hussein, mwandishi kipofu aliyefariki mwaka 1973 na ambaye vizazi vya wanafunzi wa Kiarabu vimesoma maisha yake, lilikutwa na alama ya kuvunjwa. Aila yake ilipiga kelele, magazeti yakaandika, na serikali ikasema halitavunjwa. Halikuvunjwa. Lakini daraja limejengwa ubavuni pake, na mwenye kusoma Fatiha hapo huisoma chini ya ngurumo za malori.

Mwezi wa Juni 2023 Rais wa Misri aliamuru iundwe kamati chini ya Waziri Mkuu kuyatazama makaburi hayo, na akaagiza pajengwe Maqbarat al-Khalidin, mava maalumu ya kuhamishia mabaki ya watu wakubwa wa nchi pamoja na mawe yao ya thamani. Wengine waliona ni ushindi. Wengine waliona ni njia ya kuyaokoa majina na kuupoteza mtaa. Ubomoaji ulipunguka, kisha ukaendelea. Mwaka huohuo mmoja wa wataalamu wakuu wa kuhifadhi Kairo ya kihistoria alijiuzulu. Na Oktoba 2024 zilienea picha za kuba la karne ya 19, kaburi la mwanamke wa nyumba ya Muhammad Ali Pasha, likibomolewa. Wasanii na wasomi wakapaza sauti tena. Hiyo ndiyo hali: baadhi yamebaki, mengi yameondoka, na Kairo ya Kihistoria, iliyoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 1979, imepungua.

Neno juu ya makuba na makaburi

Twajua baadhi ya wasomaji watasema: je, makuba hayo na majengo hayo juu ya makaburi si yenyewe yaliyokatazwa? Swali ni la haki, na ni la zamani. Maulamaa wa Kairo wenyewe, wakiwemo wa madhehebu yetu, wameandika tangu zama za Mamluki kwamba ardhi iliyowekwa wakfu kwa kuzikia Waislamu wote isizibwe na majengo ya wachache. Pia wapo waliokuwa wakipeleka barua za shida zao kwa Imamu, jambo ambalo mtafiti mmoja wa Kimisri aliliandikia kitabu katika miaka ya 1960, na maulamaa hawakuchoka kuwakumbusha watu kwamba aombwaye ni Mwenyezi Mungu peke yake.

Lakini hoja hiyo haihalalishi barabara. Kuondoa jengo ni jambo moja. Kufukua maiti ni jambo jingine, na kupitisha magurudumu juu yake ni la tatu. Fiqhi ya Shafi yakataza kufukua kaburi kabla maiti hajawa turabu isipokuwa kwa dharura, na Mtume, rehema na amani zimshukie, ametufundisha kwamba maiti ana heshima kama aliye hai na kwamba kaburi halikaliwi. Dharura nayo ina mizani yake. Huwi na dharura mpaka njia nyingine ziwe zimefungwa. Hapo ndipo faqihi na mhandisi wanapokutana: wote wawili huuliza kama palikuwa na njia nyingine.

Kwetu pwani

Twarudi nyumbani. Sisi hatuchukii barabara. Watu waliozoea kusimama Likoni wakingoja feri, jua la utosi, mgonjwa mapajani, hawawezi kuidharau barabara ya Dongo Kundu inayomvusha mtu kutoka Miritini hadi upande wa Kwale bila ya kugusa feri. Njia ya kutoka Mombasa kuelekea Mtwapa na Kilifi nayo yapanuliwa, na wauguzi, walimu na wachuuzi wa mboga watafurahi. Barabara ni neema. Ila kila neema ya namna hiyo hupita katika ardhi ya mtu, na pwani yetu imejaa makaburi yasiyo na ukuta, misikiti iliyobaki kiambaza, visima vya wakfu, na mikuyu ambayo wazee pekee ndio wanaojua nani amelala chini yake.

Swali la yule mlinzi, kama makaburi yetu yana hati, hatukuweza kulijibu kwa uhakika, na twaamini vijiji vingi havingeweza. Yako mambo matatu ambayo aila na jamaa ya msikiti waweza kuyafanya bila kungoja mtu.

La kwanza, tuandike. Pasipo daftari pana kusahau. Kijana mwenye simu aweza kupiga picha kila kaburi la kijiji chao, akaandika jina, ukoo na mahala, huku bibi akimwelekeza. Bibi huyo ndiye daftari lenyewe, na hatakuwepo milele.

La pili, tusajili. Ardhi ya wakfu isiyo na karatasi ni ardhi ya kila mwenye nguvu. Tume ya Wakfu ipo, na Sheria ya Wakfu ya mwaka 2022 ipo. Magofu na makaburi ya kale yana Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006. Tumeona Kairo kwamba kilichosajiliwa kilibaki na kisichosajiliwa kilizolewa.

La tatu, tuulize mapema, na tuulize juu ya makutano. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 10, imeweka ushirikishwaji wa wananchi kuwa msingi wa utawala, na kifungu cha 40 chataka fidia ya haki ilipwe kamili na bila kucheleweshwa. Sheria ya Mazingira ya mwaka 1999 yataka mradi kama huo ufanyiwe tathmini ya athari zake na watu watoe maoni yao. Mkutano ukiitwa, wanaume huenda wakasikiliza habari za fidia na kurudi. Kina mama nao waende, na waombe kuonyeshwa mchoro: barabara ikutane wapi na barabara, vitanzi vipite wapi, kivuko cha waenda kwa miguu kiwe wapi, na mtoto wa madrasa atavuka vipi. Mchoro ukiwa bado ni wino, waweza kusogezwa kwa kalamu. Ukishakuwa zege, hata Rais huunda kamati.

Usiku wetu wa mwisho Kairo tuliswali Isha katika msikiti wa Imamu. Baada ya swala imamu alileta dua ndefu kwa waliolala hapo, wanaojulikana na wasiojulikana, na safu nzima ikaitikia amina. Twawaombea nao, na twawaombea waliolala Kikowani, Siyu, Pate, Takaungu na Vanga, na kila palipo na Mwislamu chini ya udongo asiye na wa kumwandika jina. Mwenyezi Mungu awarehemu wafu wetu, awape busara wenye kuchora njia zetu, na atujaalie kuwa miongoni mwa wanaohifadhi amana. Amin.